Salamu Isiyokataliwa

Dada yangu Rafila aliapa, mashahidi mimi na kuku wake, kwamba hatajibu salamu ya mke wa Gavril mpaka siku ya kufukiwa. Na Rafila akishaapa, heri ubishane na ukuta, maana ukuta hauna majibu.

Kosa lenyewe? Gavril, mwanawe wa pekee, alikuwa akifanya kazi kwenye meli za watalii. Humo akakutana na Marivic, msichana wa Kifilipino aliyekuwa akipiga pasi mashuka ya wageni, wakafunga ndoa huko huko kwao Marivic bila kumwambia mtu. Mama mtu akapata habari kwa picha ya simu! Mwanamke aliyeanza kufuma taulo za harusi mtoto akiwa bado na meno ya utotoni! Walipofika kijijini mwezi wa pili, theluji mpaka magotini, Rafila hakufungua geti. Wakaja kwangu, maana mimi ndiye mama mdogo wa Gavril, na kati ya ua wangu na wa dada yangu kuna uzio tu.

"Mama mdogo," Gavril akaniambia, "tutakaa mpaka Pasaka. Asipompokea mke wangu, Jumanne yake tunaondoka na haturudi tena. Sitamleta Marivic huku aje kutazamwa kama mbuzi mgonjwa."

Angefoka ningejua ni maneno tu. Alisema kwa upole, na hapo nikaogopa. Dada yangu ni mjane, miguu yake mibovu, na hana mtoto mwingine. Nikamwona akifa peke yake katika nyumba ile, na mdomo wake umefungwa vile vile.

Basi nikasema huyu msichana lazima ajue kusalimia. Kwetu Maramureș, kaskazini mwa Romania, mtu ni salamu. Anayepita ndiye anayeanza, mdogo ndiye anayeanza, na ukiwapita wanawake waliokaa kwenye benchi bila kufungua kinywa, kabla hujafika kona umeshakuwa mwizi.

Mimi sijawahi kumfundisha mtu kitu isipokuwa kukama. Tukakaa barazani, Gavril akitufasiria, nikaanza na herufi. Nilidhani ni jambo dogo. Zangu ninazo tangu utoto na hazijanisumbua. Ș yenye kimkia nikamwambia ni ya kufukuzia kuku: shh! Ț ni "ts", akaidaka papo hapo. Ă ni sauti anayotoa mtu akikaa chini baada ya kulima kutwa. Akacheka, akaipata. Lakini ile î! Lo! Ile ilitutoa jasho kwenye baridi.

"Bana meno, kama mtu anayetabasamu kwa uongo," nikamwambia. "Sasa rudisha ulimi nyuma, uvute sauti kama umeinua gunia la viazi."

"I," akasema Marivic.

"Siyo i."

"U."

"Siyo u! Katikati!"

"Mama mdogo, katikati hakuna kitu!"

"Kipo! Sisi wote tunaishi hapo katikati!"

Gavril alicheka mpaka akakimbilia kupasua kuni, akatuacha wawili tukitoleana meno kama paka. Tangu siku hiyo mafunzo yakawa yangu peke yangu.

Theluji ilipoanza kuyeyuka alikuwa anajua "Bună ziua" ya mchana, "Bună seara" ya jioni, na ile ya heshima kwa mwanamke aliyekuzidi umri, "Sărut mâna", yaani nabusu mkono wako. Kila siku akienda dukani alipita mbele ya Rafila aliyekaa kwenye benchi na wenzake.

"Sărut mâna!" Marivic anasema, kichwa kimeinama kidogo, kama nilivyomfundisha.

Wanawake wote wanaitikia. Rafila anatazama kuku.

"Mjibu mtoto wa watu, Rafila," wenzake wanamwambia. "Sauti yake tamu, jamani."

"Kwani kuna mtu ameongea? Mimi nimesikia upepo."

Marivic alirudi nyumbani akaanza kuosha vyombo ambavyo ni visafi. Nikamwachia. Baadaye akaniuliza kwa Kiromania chake cha kuokoteza, "Mama mdogo, mimi kosea herufi?"

"Hujakosea herufi, mwanangu. Yule ndiye amekosea."

Nilikuwa na hasira! Nikaenda uzioni nikamwita Rafila mwanamke wa jiwe, naye akaniambia nikaangalie ng'ombe wangu. Siku zikazidi kwenda. Gavril akaanza kufungasha taratibu, leo viatu, kesho makoti.

Fikra ilinijia wiki ya mwisho ya Kwaresima, nilipomwona jirani yetu Toader akimtukana Simion kwa ajili ya mpaka wa shamba la miplamu. Wale wawili wana kesi tangu baba zao walipokuwa hai. Lakini kila Pasaka, Simion akisema "Hristos a înviat", Kristo amefufuka, Toader huvua kofia akaitikia "Adevărat a înviat", kweli amefufuka. Kisha wanaendelea kuchukiana. Salamu ile haikataliwi na mtu. Ukinyamaza ni kama umesema Bwana bado yumo kaburini, na nani atasema hivyo uwanjani pa kanisa, padri anatazama?

Nikapiga makofi peke yangu jikoni. Dada yangu, nimekupata!

Nikamkalisha Marivic. Acha yote, nikamwambia, shika hii moja. Na kwa ubaya wetu ile î imo humo humo, tena imefuatwa na v, ambayo kinywani mwake hugeuka b. Tulihangaika. Akikoroga ugali wa mahindi, "Hristos a înviat." Akisuka nywele, "Hristos a înviat." Ijumaa Kuu aliitoa safi, î na v zote mahali pake, nikaachia mwiko ukadondoka.

"Tena!" nikampigia kelele. Akasema tena. Nikamkumbatia na unga wangu.

Asubuhi ya Pasaka tulipanga vikapu kuzunguka kanisa, kila kikapu na mkate wake, mayai mekundu, jibini na mshumaa. Nilimfunga Marivic kitambaa changu kizuri. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Gavril alisimama kando, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri kuambiwa ugonjwa wake. Padri akanyunyiza maji, akaita salamu, umati ukanguruma jibu kwa pamoja, ngurumo ambayo ndani yake hata mzaliwa wa hapa haokoti neno. Kisha watu wakaanza kusalimiana.

Nikamsukuma Marivic mgongoni. Nenda.

Alitembea mpaka mbele ya Rafila. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Benchi zima lilikuwa pale linatazama, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na herufi zangu.

Ndipo Rafila, mkubwa wa umri, mama mkwe, mwenye kuapa, akainua uso akasema yeye kwanza, kwa sauti ya kukwaruza: "Hristos a înviat."

Watu wakageuka. Mimi furaha ikanipanda, halafu ikaganda hapo hapo. Jibu! Mungu wangu, jibu! Nilimfundisha kuanza tu. Nani alijua kwamba atasalimiwa? Wiki nzima nimemjaza nusu moja, na nusu ya pili, ambayo kila mtoto wetu ananyonya na maziwa, haikunipitia hata akilini. Sasa atanyamaza, na Rafila ataona ametupiwa salamu yake usoni mbele ya kijiji kizima.

Marivic alinitazama. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Akamgeukia mama mkwe wake, akavuta pumzi, akatoa kitu pekee alichokuwa nacho.

"Hristos a înviat," akasema. Taratibu, kila herufi mahali pake.

Si jibu. Ni salamu nyingine. Na salamu hii haikataliwi.

Rafila akamtazama padri. Akatazama wenzake wa benchi, nao wote walikuwa wamemkodolea macho, na Toader ameshavua kofia. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kumbe yote mawili.

"Adevărat a înviat," akasema. "Kweli amefufuka, mwanangu. Kweli." Akamshika Marivic kichwa kwa mikono miwili akambusu mashavu, na kitambaa changu kizuri kikaanguka kwenye matope.

Halafu akanigeukia mimi. "Saveta! Miezi yote hiyo unapiga kelele uzioni, na mtoto umemfundisha nusu?"

"Na wewe ulisema hutamjibu!"

"Nilikuwa sijamjibu, mpumbavu wewe! Niliapa sitamjibu, sikuapa kwamba sitamsalimia. Nimelifikiria hilo Kwaresima nzima. Sasa mmenivunjisha kiapo." Alifuta pua kwa mkono. "Basi, Mungu atanisamehe, leo ana furaha."

Gavril akatoa mikono mfukoni, akasogea. Mama yake akamtazama toka juu mpaka chini, akamtia kikapu mikononi.

"Umekonda," akamwambia. "Twende nyumbani."

Wasomaji wangu, mimi si mtu wa kulia. Nilitembea nyuma yao nikiwaza labda nyumbani atabadilika, namjua. Tukafika, geti liko wazi. Tukaingia. Meza ilikuwa imetandikwa tangu jana yake, supu ya mwanakondoo iko jikoni, na juu ya viti vyetu, hata changu, zimekunjwa zile taulo za harusi. Nikakaa kwenye changu nikalia mpaka Rafila akaniambia nitaharibu taulo.