Simu ya Nesi wa Zamu

Mimi sina subira na watu wanaopenda ripoti safi, na bosi wangu Abdulhadi anazipenda kuliko mahamri ya asubuhi. Ofisi yetu hapa Malindi inaendesha tovuti ya zahanati za vijijini. Kila zahanati ina ukurasa wake, na kila ukurasa una vipande vitatu: picha, saa za kufungua na simu ya nesi wa zamu. Niliandika skripti, programu fupi ya kompyuta, ya kusaka vipande vilivyoachwa vitupu. Ikanitolea kwa rangi nyekundu kurasa arobaini na moja zisizo na simu, Jilore ikiwemo. Jilore ndiko anakoishi dada yangu Linet, mwenye mimba ya miezi tisa, na namba hiyo ndiyo tegemeo lake uchungu ukimshika.

"Alhamisi wafadhili wanakuja," Abdulhadi akasema. "Sitaki kuona nyekundu."

"Basi mtu aende kwenye zahanati, Mzee, atuletee namba."

Badala yake alimpa kazi karani wetu Joram. Joram, mvivu wa kuzaliwa, akajaza nukta kila mahali. Skripti ikaridhika, maana niliiambia itazame kama pana kitu, sikuiambia kitu gani. Nikaikaza: tarakimu kumi, zianze na sifuri. Kufika alasiri nyekundu zote zimeisha. Nilifurahi, mjinga mimi, hata Joram nikamshukuru.

Alhamisi wageni wakaipigia makofi ripoti yetu. Abdulhadi akawahutubia habari za uwajibikaji, simu yake ikamkatiza mara tatu. Kila mara alijibu kwa adabu zake zote za mjini, "Umekosea namba, mwanangu," akakata. Mara ya nne akaizima kabisa.

Ndipo yangu ikaita. Alikuwa Masha, mume wa Linet.

"Shemeji, Linet ana uchungu tangu alfajiri. Nesi wenu wa kwenye tovuti anasema nimekosea namba, na sasa amezima simu."

Nikafungua ukurasa wa Jilore, kisha wa Sabaki, kisha mwingine. Namba ni ile ile moja, ya Abdulhadi.

"Ndiyo pekee ninayoijua kwa kichwa," Joram akaninong'oneza. "Na tarakimu ni kumi."

Hasira ilinipanda, na nusu ya hasira hiyo ilinihusu mwenyewe. Nikaenda mbele, nikamnyang'anya Abdulhadi kipaza sauti.

"Mtuwie radhi, wageni wetu. Huyu ndiye nesi wa zamu wa zahanati arobaini na moja. Mzee, washa gari, kuna mzazi Jilore anakungoja."