Barua Isiyosema Amepona

Fundi cherehani alikuwa na akili zake timamu mwaka mmoja na miezi minne, na hakuna aliyelibisha hilo ila watu wa kwa marehemu mumewe. Hao ndio waliomchukua binti yake wa miaka saba siku ile alipotoka barabarani nusu uchi, akiwahubiria mbuzi.

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alitembea mwendo wa saa mbili hadi zahanati. Kliniki ya akili ilikuwa stoo ya zamani yenye benchi moja, na walioacha pombe walikaa hapohapo. "Sisi sote maji yalizidi unga," alipenda kusema Babu Chupa, mlevi mstaafu, na benchi zima likacheka.

Siku moja fundi alimwambia nesi, "Dada, niandikie barua. Sema nimepona, wanirudishie mwanangu."

Nesi akaweka kalamu chini. "Kuandika nitaandika, ila siyo kwamba umepona. Nitasema hali yako ni nzuri na unaendelea na dawa."

"Hilo la dawa lazima?"

"Lazima. Ndizo zinazokushikilia."

Shemeji yake aliisoma barua kwa sauti barazani kwa wakwe. Alipofika kwenye dawa, akaikunja. Mama mkwe akasema, "Mzima hanywi dawa za wazimu. Siku ukiziacha, njoo umchukue."

Mtoto alichungulia dirishani. Gauni lake lilikuwa limeongezwa pindo, mshono umekwenda upogo. Fundi aliutazama mshono ule hadi alipoambiwa aondoke.

Akaziacha. Wiki za kwanza zilikuwa tamu: mikono iliyotetemeshwa na dawa ikatulia, uzi ukaingia kwenye sindano mara moja. Kliniki alidanganya kwamba anameza. Babu Chupa akamwinamia sikioni. "Binti yangu, macho yako yanang'aa kama yangu enzi zile nikishapiga chupa mbili. Umeacha?"

"Yangu niachie mwenyewe, babu."

Mzee hakwenda kumwambia nesi. Kuchongeana hakukuwa desturi ya benchi lile.

Wiki ya sita usingizi ulimhama. Alikata vitambaa vyote vya wateja, akashona magauni kumi na moja ya mtoto. Mchana wa jua kali akayabeba hadi kwa wakwe, akaimba mlangoni na kuupiga mateke. Shemeji na majirani wawili wakamwangusha, wakamfunga kamba mikono na miguu. Mtoto aliona yote.

Nesi aliitwa, akaja na sindano, akapiga magoti vumbini, huku fundi akirudia kwamba dawa ameziacha kama walivyomwagiza.

"Si tulisema?" mama mkwe akauliza.

"Mlimwambia aache, mama. Akaacha."

Mtu mmoja akaanza kuokota magauni.

Wateja walidai vitambaa vyao, kisha wakahamia kwa fundi mwingine. Siku aliyokutana na binti yake njiani, mtoto alijificha nyuma ya bibi yake, akang'ang'ania kanga. Fundi aliinua mkono, akaushusha, akashika njia.

Alhamisi ya kliniki iliyofuata Babu Chupa alimsogelea, kofia mkononi. "Nilikuona, mwanangu, nikanyamaza. Nisamehe."

"Ungesema, nisingesikia," akajibu. Dozi mpya ilimtia uzito wa ulimi. Ikabidi arudie mara mbili ndipo mzee akamwelewa.