Minyoo Kwenye Boksi la Vifaranga

Watu wa Eldoret waliposikia kwamba nafuga minyoo, walinionea huruma na kuniuliza kama nimeshameza dawa. Nilichoka kueleza. Minyoo yangu haikai tumboni mwa mtu. Asili yake ni kwenye majani yaliyooza, ni midogo kama nukta, na mwili wake ni mwangavu, hata kwa hadubini unaona yai likigawanyika ndani ya mama. Huzaliwa, huzaa, huzeeka na kufa kabla mwezi haujaisha. Ndiyo maana sisi tunaotaka kujua uzee unatoka wapi tunaipenda. Ukitafuta jibu hilo kwa ng'ombe, utazeeka wewe kwanza.

Yangu ilikuwa na ukoo wake. Kwa miaka minne, katika maabara ya chuo kimoja mjini, nilipandisha mbegu hii kwa ile mpaka nikapata minyoo inayoishi miezi badala ya majuma. Haikuwepo kwingine duniani. Masomo yangu yote ya uzamivu yalikuwa ndani ya visahani vile vya plastiki. Ilikuwa na udhaifu mmoja tu: ikikulia kwenye joto, haipati mayai maisha yake yote. Kwa baridi ya Eldoret hilo halikunisumbua. Tena akiba nilikuwa nimeigandisha kwenye friza.

Kisha matokeo ya kura ya mwaka 2007 yakatangazwa, makabila yakageukiana, na nikaambiwa nirudi kwetu. Kwetu ni Ainabkoi, jirani tu na Eldoret. Nimezaliwa huko, nimekamua ng'ombe huko, babangu amezikwa huko. Lakini jina langu ni Wacera, si jina la kabila la huku, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hata akiwa ameanguliwa kwenye boma lilelile. Nyumba yetu ilichomwa asubuhi na mapema. Mimi na mama tulijikuta kwenye uwanja wa kituo cha polisi, tumelalia magunia pamoja na maelfu ya wenzetu.

Nikampigia simu Chepkorir, karani wa idara yetu, rafiki aliyezoea kuniita daktari wa minyoo. Stima ilikuwa imepotea chuoni kwa siku kadhaa, jenereta haikutiwa dizeli, na friza ilikuwa inavuja maji. Vilivyobaki hai ni visahani vya kwenye rafu.

"Vibebe vyote," nilimwambia. "Na vile vipya vya chakula. Kila wiki ukate kipande cha jeli yenye minyoo, ukihamishie kwenye kisahani kipya. Na tafadhali, visikae karibu na moto."

"Nimeskia. Nitapeleka nyumbani, kijijini kwetu Ziwa. Wewe jichunge tu, Wacera. Aki huku nje ni kubaya."

Alivipeleka. Njiani vijana waliokuwa wamefunga barabara kwa mawe walifungua boksi la visahani wakauliza ni vya nani. Alisema ni dawa ya ng'ombe. Kama wangejua ni mali ya nani, sijui wangemfanya nini. Hayo niliyasikia baadaye, kwa mtu mwingine; yeye hakujisifu hata siku moja.

Lori lilitupeleka Nakuru. Nilirudi Machi, baada ya viongozi kupeana mikono kwenye televisheni. Mama alikataa kurudi. Mimi nilirudi kwa ajili ya minyoo tu, sioni haya kusema. Nyumba ilikwisha, shamba lilikuwa na mtu mwingine, na majirani niliokuwa nikiwasalimia niliwaogopa. Ukoo ule ukiwa hai, ningemaliza masomo. Ukiwa umekufa, singekuwa na lolote lililobaki Eldoret.

Chepkorir alinipokea maabara akicheka.

"Hao wako hai! Angalia mwenyewe! Nimewalea kama watoto."

Niliweka kisahani chini ya hadubini. Kweli minyoo ilikuwa hai. Ilitambaa polepole, mizee, na mahali pa mayai palikuwa patupu. Nikaweka kisahani cha pili, nikaweka cha tatu. Hakukuwa na yai wala kinda.

"Ulivikalisha wapi?"

"Si karibu na moto, vile ulisema. Lakini January Ziwa kuna baridi mbaya, Wacera. Nikawaonea huruma. Nikawaweka na vifaranga, kwa boksi, ile tunawekea lantern usiku wasikufe."

Watu wa kwao hawaachi kiumbe kichanga kwenye baridi. Ndama huingizwa jikoni, vifaranga huwashiwa taa. Angekuwa mvivu, angevisahau kwenye rafu ya stoo, na leo ningekuwa na mayai tele. Nilimchukia. Nilimchukia rafiki aliyehatarisha maisha yake kwa ajili yangu, nikamchukia kuliko waliochoma nyumba yetu, kwa sababu hao sikuwajua kwa sura.

"Watazaa lini?" aliuliza.

Nikamweleza. Alikaa kwenye kiti cha maabara, mkoba mapajani.

"Kwa hivyo niliwaua."

"Hujawaua. Wataishi sana. Ila hawatazaa."

"Basi kumbe nilikuwa nabeba wazee," alisema, na akalia.

Wema hauozi, husema Waswahili. Mimi naona unaoza kama kitu kingine chochote, na harufu yake ni mbaya zaidi kwa kuwa huwezi kulalamika. Nilimpa kitambaa. Sikumkumbatia.

Tukaendelea kuilisha minyoo. Kazi yangu ilikuwa sahihi kabisa: minyoo iliishi kama nilivyotabiri, na hakuna mtu angeweza kuurudia utafiti huo. Ilikufa mmojammoja. Kujua kama mnyoo amekufa, unamgusa kichwani kwa waya mwembamba. Aliye hai hurudi nyuma.

Asubuhi moja ya Aprili alibaki mmoja. Chepkorir alikuja kusimama nyuma yangu. Niligusa. Hakutikisika.

"Mguse tena," alisema.

Nikagusa.

"Tena, Wacera. Tafadhali. Pengine amechoka tu."

Nikagusa tena, na tena, mpaka waya ukampasua. Nikasogea pembeni ili naye aangalie. Aliinama kwenye hadubini, akafunga jicho moja kama nilivyomfundisha.