Mbao Alizosimamisha Baba Mkwe

Jumatatu asubuhi mashine ingesaga shamba la magharibi la kinamasi chetu, na huenda chini yake palikuwa na njia ya mbao ya watu wa kale. Dereva wa mashine nilikuwa mimi.

Eithne, mchimbaji wa mambo ya kale kutoka Galway, alikuwa ameipata njia hiyo katika shamba la mashariki. Kampuni ya mboji, ule udongo wa kinamasi unaosagwa na kukaushwa uchomwe kama kuni, ikakubali kuliacha shamba hilo. Kuhusu la magharibi, meneja alitaka kwanza aone kwamba njia inafika huko.

"Utamwonyesha nini?" nilimuuliza.

"Njoo utazame, Ultan." Alinyunyizia ubao maji. Makovu ya shoka yalionekana kama ya jana, na katikati ya kila kovu ulipita mstari mwembamba uliotuna. "Shoka la aliyeuchonga lilikuwa na pengo. Kila alipokata, likaacha mstari huu. Tukiukuta na upande wa pili, ni njia ile ile."

Usiku ule sikulala vizuri. Kinamasi hiki nimekisaga tangu nilipoacha shule, na sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu aliyekivuka kwa miguu. Alikuwa anakwenda wapi? Upande wa magharibi kuna nini zaidi ya nyumba zetu?

Jumamosi nikaenda kuchimba naye shamba la magharibi. Jioni tukapata mbao tatu. Eithne akapitisha kidole kwenye mbili kati ya hizo. "Upo! Gusa." Nikagusa. Mstari ule ule. Mara mvua ikamwagika na kamera ikaingia maji, basi tukazifunika mbao kwa nailoni. Picha zingepigwa kesho yake baada ya misa.

Jumapili kukacha kwa jua na upepo mkavu. Tulipofika adhuhuri, nailoni ilikuwa imekunjwa vizuri pembeni. Mbao mbili zilikuwa zimesimama, zimeegemeana vichwa, kama tunavyosimamisha vipande vya mboji ili upepo uvipitie. Zilikuwa zimepasuka na kujikunja, na juu zimebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa; mstari haukuonekana tena.

Baba mkwe wangu, Dinny, ambaye hukata mboji ya jikoni kwake hapo jirani, alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunywa chai.

"Mmezifunika na maji yake!" alisema. "Zingewaozea hizo. Wasomi nyie, hata kukausha hamjui?"

"Mzee, zimekaa majini miaka elfu mbili hazijaoza!"

"Basi si zimechoka na baridi?"

Eithne alicheka. Akainamia ule ubao wa tatu. "Na huu?"

"Huo ulinishinda. Mgongo, mama."

Ulikuwa mzima, lakini haukuwa na kovu hata moja.

Meneja alipopigiwa simu, aliuliza mstari uko wapi.

"Ulikuwepo," alijibu Eithne.

"Ulikuwepo hautoshi."

Jumatatu niliwasha mashine. Ningekataa, angepandishwa mwingine.

Mbao mbili zilipasuka. Shamba moja likasagwa, pamoja na chochote kilichokuwa ndani yake. Mboji ya Dinny mwaka ule tuliisimamisha sisi, yeye hakutaka kuigusa. Ule mstari wa magharibi uliguswa na vidole viwili tu, changu na cha Eithne. Na mpaka leo sijui yule mwenye shoka alikuwa anakwenda kwa nani.