Fimbo Fupi ya Gia

Mtu aliyechoka asiombwe ushauri. Ningekuwa na kibao kingine pale gereji ningeandika hivyo, chini ya kile cha "Usivute sigara". Siku ile wifi yangu alinikuta nimelala chini ya lori la mchanga tangu alfajiri, mgongo umekufa ganzi, oili imenidondokea sikioni, na chochote ambacho angeniambia ningekiitikia ili mradi aondoke.

"Wifi, toka huko chini nikuone uso," akasema.

"Uso wangu uko palepale ulipouacha. Sema."

Akachutama. Wifi ni mke wa kaka yangu mkubwa, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye kanga yake haijawahi kugusa vumbi. Nilipoona pindo linaburura kwenye grisi, nikajua mambo si shwari. Akaniambia kaka ameendesha gari tena. Ilikuwa miezi saba tangu kiharusi kimwangushe, na mkono wa kushoto, ambao ndio wa kushikia gia, bado ulikuwa wa kubembelezwa. Naye akamtia mjukuu kwenye gari akampeleka shule! Njiani alitafuta gia ya tatu, mkono ukachelewa, akainama kuufuata kwa macho. Alipoinua kichwa gari lilikuwa limepanda ukingo wa mtaro. Mtoto hakuumia. Alirudi nyumbani anacheka, anasimulia jinsi babu alivyoruka.

"Kesho anakuja kwako," wifi akasema. "Anataka umfungie ile fimbo fupi ya gia. Kaiona kwenye gari la jirani. Anasema ikiwa fupi, mkono hautakuwa na safari ndefu. Wifi yangu, nakuomba. Fanya unavyojua wewe, lakini asiendeshe."

"Si umwambie mwenyewe? Wewe ndiye mkewe."

"Na wewe ndiye nduguye."

Tukaishia hapo. Akainuka akaondoka, nami nikarudi kwenye boliti zangu.

Niseme jambo moja kuhusu kwetu. Baba alikufa kaka akiwa na miaka kumi na tisa, na sisi wanne nyuma yake tukiwa vidagaa. Aliacha shule, akapanda malori, akatulea. Tangu hapo hakuna anayemwambia hapana. Hatukukaa kikao tukakubaliana, ilitokea tu ikawa sheria. Akitaka jambo lisilowezekana tunasema, "Tutaangalia, Kaka," kisha tunalizungukia. Mwaka ule alipotaka kuchimba kisima sebuleni, tulimwambia fundi wa visima amesafiri. Fundi yule yuko safarini mpaka leo.

Nami nina deni langu la peke yangu. Niliposema nataka kujifunza umakanika, mama zetu wadogo walishika vichwa, mtoto wa kike chini ya magari! Kaka akawaambia, "Mwacheni. Gari halijui nani kavaa gauni." Basi kila gari lake limepita mikononi mwangu, na kwake neno langu juu ya chuma ni la mwisho. Barabara anaijua yeye. Kilichoko chini ya zulia la gari ananiachia mimi, wala haulizi mara mbili. Hilo ndilo lililoniponza.

Kesho yake asubuhi akaja, ameendeshwa na jirani. Alishuka mguu mmoja mmoja, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na kabla sijafungua mdomo akanionyesha kifua.

"Nimefunga mwenyewe. Dakika kumi na moja."

"Shikamoo, Kaka. Hongera."

"Marahaba. Wiki iliyopita zilikuwa ishirini, na bado nilikosea tundu moja nikaonekana mlevi."

Akanieleza habari ya mazoezi yake. Asubuhi na jioni anakaa mbele ya beseni la maji, anakamua kitambaa kwa mkono ule wa kushoto mpaka kiishe kutona. Akaukunja mkono hewani nione. Vidole vilikuja polepole, kidole gumba mwisho, lakini vilikuja. Nilifurahi kwelikweli, na nikaona vibaya papo hapo kwa kile nilichokuwa nimekiwaza usiku.

"Sasa hii fimbo," akasema akipiga mlango wa gari lake, ambalo lilikuwa na miaka ishirini na sita na rangi tatu. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu. Niletee karibu."

"Tutaangalia, Kaka."

"Itakuwa nyepesi?"

Hapa nieleze. Fimbo ya gia imeshikiliwa na gololi karibu na chini. Sehemu ya juu anaishika dereva, ya chini inasukuma vyuma vinavyokwenda kwenye gia boksi. Ukitaka mkono wa dereva usisafiri sana, unairefusha ile ya chini. Lakini hakuna cha bure duniani, unachookoa kwenye safari unakitoa kwenye nguvu. Gia inakuwa fupi na inakuwa nzito. Vijana wenye mabega wanaipenda hivyohivyo. Kwa mtu ambaye mkono wake unajifunza kufunga vifungo, ni sawa na kumwambia asukume kabati.

Nilijua hayo. Hata anayejifunza ufundi miezi mitatu anayajua. Nilipaswa kusema, "Kaka, hii si ya mkono wako, na hata barabarani usirudi kwanza." Maneno hayafiki hata kumi na tano. Badala yake nikasema:

"Itakuwa fupi, Kaka."

Akaridhika. Akakaa kwenye tairi kuukuu kivulini akaanza kunihadithia habari za breki zilizowahi kumfia mlimani na tani kumi za saruji mgongoni, hadithi ninayoijua kuliko yeye.

Nikaanza kazi. Nilibandua ile plastiki ya katikati ya viti, na mpira wa kuzuia vumbi ukanimeng'enyukia mkononi kwa uzee. Ndani nikakuta pini za nywele za mjukuu na mchanga wa kutosha kupandia mchicha. Nikaingia chini kufungua boliti. Mbili ziligoma. Nilizitukana kwa kunong'ona, kwa sababu kaka alikuwa karibu. Fimbo ilipotoka nikaipeleka kwa mkerezaji wa vyuma, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Chini nikuongezee kiasi gani?" akauliza.

Sentimita moja ingetosha. Kwa moja, kaka angepata nafuu ya safari na uzito usingemshinda.

"Tatu," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. "Tatu? Huyo kaka yako anakwenda kwenye mashindano?"

"Chomelea bwana, mi nimechoka."

Na nilikuwa nimechoka kweli, ila uchovu haukuhusika hapo. Nilichoka vilevile nilipotoa bushi za zamani, vile vipete vinavyoishika fimbo, zilizolegea, nikaweka mpya, ngumu, ili hata ule ulegevu mdogo wa kumsaidia usibaki. Nikapaka grisi, nikakaza, nikarudisha plastiki mahali pake, nikafuta alama za vidole. Ilikuwa kazi safi. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile kwa nia chafu kama ile.

Saa sita mchana kaka akaketi kwenye usukani, mimi kando yake. Tukazunguka uani tu. Gia ya kwanza aliisukuma kwa bega, ikaingia. Ya pili akaivuta kwa uzito wa mwili mzima. Ya tatu ikamkatalia. Akakanyaga klachi, akajaribu tena, ikamkatalia. Mara ya nne jasho lilikuwa linamchuruzika kidevuni na vidole vimeteleza kwenye kirungu cha fimbo. Nilingoja alitukane gari. Nilingoja aseme, "We mtoto, umeniharibia gari langu," maana hapo ningepata pa kuanzia. Lakini fimbo hakuitazama kabisa. Aliutazama mkono wake.

"Umerudi nyuma," akasema.

"Nini, Kaka?"

"Mkono. Juzi gia ya tatu ilikuwa inaingia, kwa tabu, lakini inaingia. Leo hata hapa uani." Akazima gari. "Kazi yako nzuri. Imekaza, haichezichezi. Tatizo ni mimi."

Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza.

Nilimrudisha mwenyewe kwa gari lile lile. Kila nilipobadili gia bega langu lilinilalamikia, bega la mtu anayefungua magurudumu ya malori. Kaka hakuona. Alikuwa amegeukia dirishani njia nzima.

Jioni wifi alinipigia simu kunishukuru. Nikamwambia asinishukuru, akadhani naona haya.

Siku ya sita akapiga tena, na sauti haikuwa ile. "Havai mashati, wifi. Anavaa fulana tu. Beseni limekauka. Nikimkumbusha mazoezi ananiambia, ya nini, unakamua jiwe? Kliniki amekataa kwenda. Anasema walimdanganya kwamba anaendelea vizuri." Akaongeza: "Leo nimemlisha kwa kijiko. Nilimtania tu, nikampelekea mdomoni, akafungua."

Kaka yangu, aliyekuwa akila huku anaendesha, chapati mkononi na usukani kwenye goti!

"Tulitaka asiendeshe," wifi akasema.

"Na haendeshi."

"Ndiyo. Haendeshi."

Jumapili mchana nikaenda. Nilitembea kwa miguu ingawa nilikuwa na gari, ili nichelewe kufika. Nilimkuta sebuleni kwenye kiti chake, redio imezimwa, mkono wa kushoto ameulaza pajani kama mzigo wa mtu aliyemwomba amshikie kidogo. Wifi aliponiona akakumbuka ana kitu jikoni. Waoga tupu, ukoo mzima.

"Shikamoo, Kaka. Nimekuja kukwambia kitu, nakuomba usinikatize."

"Marahaba. Kama ni gari, liuzeni tu."

"Si gari. Ni mimi."

Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, yakanikimbia yote. Nikayasema yalivyokuja. "Ile fimbo ni nzito. Niliifanya nzito kusudi. Sentimita moja ingetosha, nikamwambia mkerezaji aweke tatu. Hata mimi naisukuma kwa bega. Mkono wako haukurudi nyuma, Kaka. Haukurudi hata kidogo. Niliogopa kukwambia usiendeshe, nikaliachia gari likwambie."

Jikoni mwiko ulikuwa unakwaruza sufuria. Ukaacha.

Kaka alinitazama hata nikatamani anipige.

"Rudia," akasema.

"Niliifanya nzito kusudi, Kaka, nika..."

"Si hapo. Pale pa mkono."

"Mkono wako haukurudi nyuma."

Akafumba macho. Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. Alipoyafumbua hasira ilikuwa imefika, na ilikuja yote.

"Siku nane!" akasema. "Siku nane nimekaa hapa najizika! Nimewaza atakayenivalisha suruali. Nimewaza huyu mwanamke akitangulia yeye, nani atanikogesha, wewe? Nikasema basi, nimekwisha, nisiwasumbue. We mtoto! Mimi niliyewaambia watu wakuache ushike spana, ndiyo ukaigeuzia kwangu?"

Nikalia. Nina miaka hamsini na moja, watu wazima wananiamkia, na nililia mbele yake kwa kwikwi na wala sikujifuta. Nilikuwa nimemkosea mtu aliyeniamini kuliko wote, na nilimkosea kwa kile kile alichoniamini nacho.

Aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Sasa niambie," akasema. "Lile ulilolituma gari liniambie. Niambie kwa mdomo wako."

Neno lenyewe ni fupi, watoto wadogo wanaliweza.

"Hapana, Kaka. Usiendeshe. Ulimpandisha mtoto kwenye mtaro."

"Mpaka lini?"

"Mpaka daktari akubali. Na asipokubali, basi, usiendeshe kabisa."

Lilimuuma. Nililiona likimwingia, taya likakaza, akatazama ukuta. Lakini hakufa, na nyumba haikuanguka.

"Na huyo wa jikoni anajua?"

"Ndiye aliyeniomba."

Kitu kikaanguka huko, kifuniko nadhani. "Njoo na wewe," kaka akaita, "mwiko umeacha kusonga muda mrefu." Wifi akaja akasimama mlangoni, ameshika pindo la kanga, hathubutu kuingia wala kutoka.

Kaka aliuinua ule mkono wa kushoto kutoka pajani. Ulitetemeka, ukapotea njia kidogo, ukafika kwenye kifundo cha mkono wangu. Vidole vikazunguka, kidole gumba mwisho. Akakaza.

"Inauma?"

"Inauma sana, Kaka."

"Unaanza tena kunizunguka?"

Nikatazama vile vidole. Vilikuwa vya uvuguvugu, na ningeweza kujitoa bila taabu.

"Kidogo," nikasema. "Kidogo sana."

"Ehe," akasema. Akauma meno, mshipa ukamsimama shingoni, na mkono mzima ukawa unatikisika hadi begani. "Na sasa?"

"Kidogo vilevile, Kaka."

Hakuniachia.