Pambo la Maganda ya Mgomba

Elisifa alikuwa na uchovu ule ambao hata usingizi hauuondoi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa miaka minne alikuwa akimuuguza mama yake, Bibi Yuditha, ambaye kiharusi kilimuua upande mzima wa kulia na kumwachia maneno yasiyozidi kumi. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mama aligeuzwa ubavu ili asitoke vidonda vya kitandani. Pale kijijini Machame watu walimsifu Elisifa mpaka kanisani, kwamba Yuditha hana hata kidonda kimoja. Walimsifu, kisha wakaenda kwao kulala.

Mwezi wa kumi tumbo la Elisifa mwenyewe lilimpeleka hospitali, akakutwa na uvimbe kwenye kizazi. Daktari akampangia upasuaji katikati ya Januari, akamwandikia barua, akamwonya kwamba baada ya hapo asinyanyue kitu kizito kwa miezi mitatu. Elisifa akauliza, hata ndoo ya maji? Daktari akasema hata ndoo. Akaikunja barua, akaichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo, akarudi nyumbani, na jioni ile ile akamnyanyua mama yake kama kawaida.

Mtu atauliza kwa nini hakumpigia simu ndugu yake. Ebenezeri alikuwapo Dar es Salaam, ana duka la vifaa vya ujenzi na mke anayeitwa Brenda, hakosi salio. Lakini Ebenezeri alikuwa kitindamimba, na kwa desturi ya huko mtoto wa kiume wa mwisho ndiye mrithi wa nyumba ya wazazi. Nyumba ilikuwa yake, na kihamba chote, migomba na mibuni, kilikuwa chake. Elisifa alirudi pale baada ya ndoa yake kuvunjika, akapewa chumba cha uani. Hakuna aliyemnyooshea kidole, ila mtu akikaa kwa hisani ya mwenziwe hujifunza kutolalamika bila kufundishwa. Tena maneno ya kumwambia mtu, mchukue mama kwako miezi mitatu, hayasemwi kwenye simu. Husemwa watu wameketi, wanatazamana. Akajiambia atasubiri Krismasi, Ebenezeri atakapopanda nyumbani kama wenzake wote wanavyopanda Desemba, na atamwambia chumbani mbele ya mama.

Tatizo ni kwamba chumbani kwa mama hakuna aliyekuwa akikaa. Krismasi iliyopita Brenda alisimama mlangoni dakika mbili, kiganja puani, akasema, "Jamani, hapa panatia huruma," kisha akarudi barazani. Watoto wake walimsalimia bibi yao wakiwa nje. Elisifa alikuwa amefua mashuka yale alfajiri, kwa mikono, na maji ya mfereji yalikuwa ya baridi ya kung'ata mifupa. Neno lile lilimkaa kooni mwaka mzima. Akaona kwamba chumba kikipendeza wataingia, wakiingia wataketi, na wakiketi atasema. Ndiyo hesabu aliyoipiga, na haikuwa mbaya.

Pesa ya mapambo hakuwa nayo, lakini kihamba kilikuwa na kila kitu. Tangu mwanzo wa Novemba, mama akishageuzwa na kulishwa mtori wake, Elisifa alitoka kwenda kuchuna maganda ya mgomba yaliyokaukia shinani. Yale ya nje yalikuwa ya kahawia iliyokolea, ya ndani yalikuwa meupe yenye rangi ya maziwa. Aliyapasua kuwa kanda nyembamba, akazilowesha, akazisuka kuwa mapambo ya ukutani huku amekaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda. Fremu alizitengeneza kwa matawi ya mibuni mizee iliyokatwa, akiyafunga kwa kamba za mgomba. Magunia ya kahawa yaliyochakaa aliyafua, akayashona kwa sindano ya magunia yakawa mapazia. Kibuyu cha maziwa kilichopasuka mdomo alikitoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto, akakivisha kwenye taa, na mwanga ukatawanyika ukutani kwa vidoa vidogo vidogo. Dukani alinunua chokaa na misumari tu.

Alikuwa na mkono wa ufundi, na hilo tuseme wazi. Ila alisuka akisinzia, akachoma kidole mara nyingi kuliko alivyochoma gunia. Kuna siku aliamka na kukuta ameshona pazia kwenye sketi yake mwenyewe. Mama yake, ambaye hakuwa amecheka tangu Pasaka, alicheka kwa upande ule mmoja wa mdomo uliobaki.

Chokaa ilikubali kuta zote isipokuwa sehemu moja. Juu ya kitanda, usawa wa bega, palikuwa na alama ya kiganja. Elisifa alipokuwa akimgeuza mama, alishika ukuta kwa mkono wa kushoto ili asianguke, akapitisha wa kulia chini ya mgongo wa mgonjwa. Mkono ule ulikuwa na mafuta ya kumkanda mama, na kwa miaka minne uliangukia palepale, hata ukuta ukapata vidole vitano na kiganja, vyeusi, vimezama. Alipaka chokaa mara ya kwanza, mafuta yakaitoboa. Akapaka mara ya pili na ya tatu, na alama ikarudi ya manjano, mbaya kuliko mwanzo. Aliona aibu, akasema moyoni kwamba Brenda akiona uchafu huu atashika tena pua.

Kwa hiyo pambo kubwa kuliko yote alilitengenezea hapo. Lilikuwa na urefu wa mtoto wa miaka mitano, kahawia na nyeupe zikipishana mpaka katikati zikafanya umbo la jua. Lilimchukua wiki tatu. Alipolitundika, akarudi nyuma mpaka mlangoni kulitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi alijisikia vizuri.

Mama alilitazama pia, kisha akasema mojawapo ya maneno yake kumi. "Toa."

"Hulipendi, Mama?"

"Toa," mama akasema tena, akageuza macho dirishani. Elisifa aliumia, maana wiki tatu si mchezo, lakini hakulitoa; akawa anamgeuza mama akishika ukingo wa kitanda.

Wageni walifika tarehe ishirini na tatu, gari limejaa hadi darini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Elisifa alikuwa na kila sababu ya kuutegemea msemo huo. Mpango wake ulifanya kazi kupita alivyotaka. Watoto walimwamkia bibi yao shikamoo wakiwa wamepanda kitandani, wakahesabu vidoa vya mwanga ukutani. Brenda aliingia, akashika mdomo, na safari hii ilikuwa kwa kushangaa. Akatoa simu akapiga picha pazia, akapiga kibuyu, akapiga pambo kubwa kutoka kila upande, akamwambia Elisifa kwamba Dar watu wanauza vitu hivi kwa bei ya kutisha, wifi una kipaji na umekaa nacho huku mgombani. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ebenezeri alivuta kiti, akaketi, akanyoosha miguu.

Wameketi, basi. Elisifa alikuwa amesimama na sinia la chai, na barua ilikuwa chumba cha pili, ndani ya kitabu cha nyimbo. Akafungua mdomo. Ebenezeri akamtangulia kwa kushusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, akasema kwamba alikuwa hapati usingizi kule Dar kwa kumuwaza mama, lakini sasa ameona kwa macho yake.

"Dada, kwangu kule ni joto na kelele," alisema. "Mama hawezi kupata mahali pazuri kama hapa."

Elisifa akamimina chai. Ndipo alipoelewa alichokifanya kwa mikono yake miwili, na akajichukia. Mwaka jana chumba kilisema ukweli wakakikimbia. Mwaka huu alikifundisha kusema uongo, na wote wakakiamini.

Siku zilizofuata alitafuta upenyo, upenyo ukakataa. Siku ya Krismasi ilikuwa kanisa na nyama. Kesho yake ukoo ulikutana uani, na Ebenezeri akasimama na pombe ya mbege mkononi, akamshukuru dada yake mbele ya wajomba na mashangazi, akamvisha kitenge kipya mabegani, akasema mama yupo kwenye pepo ndogo. Watu wakapiga makofi. Sasa wewe umevishwa kitenge na ukoo mzima unakupigia makofi, unasimamaje kusema siwezi tena? Alisema asante. Usiku alilia kidogo, akamgeuza mama, akalala.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nane, gari lilikuwa limeshapakiwa ndizi, parachichi na maziwa mgando. Brenda akamwendea Elisifa chumbani kwa mama, amejilegeza kwa haya, akamwomba kile kibuyu cha taa. Elisifa akamwambia achukue. Brenda akauliza kama anaweza kupata na pambo lile kubwa, litapendeza sana sebuleni kwake, nawe wifi utasuka lingine, maganda si yamejaa shambani?

"Chukua," Elisifa akasema. Hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo. Wamekuja wameona, wakapenda taa na jua la maganda, na ndivyo wanavyoondoka navyo.

Brenda alikuwa mfupi, hakufikia misumari, akamwita mumewe. Ebenezeri alipanda juu ya kigoda, akalichomoa pambo taratibu, akamkabidhi mkewe. Kisha akabaki amesimama pale juu, akiangalia ukuta.

Akauliza hii ni nini, ni unyevu? Akaugusa, akanusa vidole. Akauliza kama ni watoto wake waliochafua. Saa ya kumgeuza mama ilikuwa imefika, Elisifa akasogea kitandani. Aliinama juu ya kitanda, na bila kutazama, akapeleka mkono wa kushoto ukutani. Mkono ukaingia kwenye alama, kidole juu ya kidole, kiganja juu ya kiganja. Akapitisha wa kulia chini ya mgongo wa mama, akakaza meno, akanyanyua. Sauti ikamtoka, ndogo, ambayo siku zote alikuwa peke yake ilipomtoka.

Mama alipokwisha kugeuzwa, macho yake yakawa yanatazamana na ule ukuta mtupu. "Eee," akasema, na uso ukatulia. Elisifa alimsikia, na ndipo alipoelewa kwamba ile "toa" ya Novemba haikuwa ya kukosa kupenda. Kwa miaka minne, kila alipogeuzwa upande huu, mama alikuwa akitazama mkono wa mwanawe, hata mwanawe alipokuwa jikoni.

Ebenezeri aliteremka kwenye kigoda kama mzee. "Mara ngapi?" akauliza.

"Kila saa mbili."

"Na usiku?"

"Usiku una saa pia."

Hapo maneno yakamtoka Elisifa yenyewe, bila kupangwa na bila machozi. Alisema nina uvimbe, nina barua ya upasuaji, tarehe ni katikati ya mwezi ujao, nimekatazwa kubeba hata ndoo kwa miezi mitatu, sijui mama atabebwa na nani. Alisema pia kwamba anajua nyumba si yake. Brenda alikuwa amesimama katikati ya chumba na pambo mikononi, hajui aliweke wapi.

"Barua ni ya lini?" Ebenezeri akauliza.

"Ya mwezi wa kumi."

"Mwezi wa kumi, dada? Sasa muda wote huo kwa nini hukusema?"

Elisifa akafikiri. Alitaka kujibu kwa ukweli, kwa kuwa hakuwa na jibu jingine.

"Nilikuwa napamba," akasema.

Ebenezeri alitazama pazia, akatazama kibuyu, akatazama viganja vyake mwenyewe. Elisifa akaketi kwenye kiti kile ambacho siku zote aliwawekea wageni, apumzishe miguu kidogo kabla hawajaaga, awasindikize. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama yake alikuwa akisema hivyo enzi za maneno mengi, na yeye alikuwa akiitikia tu. Nje watoto walikuwa wameshapanda garini, mmoja akipiga honi. Akafumba macho kwa nia ya kuyafumbua mara moja.

Alipoyafumbua, jua lilikuwa limevuka mlango na kufika mguuni pake. Ilikuwa imepita saa sita mchana. Aliruka kwa hofu, maana saa ya kumgeuza mama ilikuwa imepita, lakini mama alikuwa amelala ubavu mwingine, shuka limekunjwa vibaya chini ya kiuno, kazi ya mtu asiyejua. Kwenye ukuta, juu ya alama yake, palikuwa na alama nyingine kubwa zaidi, mbichi, inayong'aa mafuta.

Gari lilikuwa bado uani, milango wazi, mizigo nusu imeshushwa, viti vya nyuma vimelazwa na godoro limetandikwa juu yake. Brenda alikuwa barazani, anaongea na simu kwa sauti ya chini, akimwomba mtu wa Dar afungue chumba cha chini na kutoa vitu vyote vilivyomo. Jua la maganda lilikuwa limeegemezwa kwenye nguzo ya baraza, na hakuna aliyelirudisha ukutani.