Mfuko wa Kumpeleka Waziri Elwak

Aabo, baba yangu, alifariki Alhamisi baada ya alasiri, nyumbani kwangu Garissa, na kabla ya magharibi tulikuwa tumeshamzika. Ndivyo inavyotakiwa kwetu. Hooyo, mama yangu, alikuwa Elwak, safari ya kutwa nzima na zaidi, kwa hiyo hakumwona. Aabo alikaa kwangu kwa sababu ya matibabu ya figo, na Hooyo alibaki kuangalia nyumba na mbuzi. Walikuwa wakiongea kwa simu kila asubuhi. Paka wa Aabo, aliyemwita Waziri, alikuwa akilia karibu na simu mpaka Hooyo akamzoea kwa sauti, ingawa hakuwahi kumwona.

Siku hiyo Hooyo akaingia eda. Mjane hatoki nyumbani mpaka muda wake uishe. Nilipompigia kumwuliza nimpelekee nini, nilidhani atataka redio ya Aabo, au koti lake.

"Niletee huyo paka," alisema.

"Hooyo, ni mbali."

"Nani alilala miguuni pake siku za mwisho? Wewe?"

"Waziri."

"Basi mlete. Mimi siwezi kutoka, Deka. Yeye anaweza."

Mbuzi ni rahisi. Unamfunga miguu, anapandishwa juu ya basi, anafika. Paka akichomoka popote kati ya Modogashe na Wajir, humwoni tena. Na barabara yetu ina vizuizi vya usalama, ambapo abiria wote hushuka na kila mzigo hufunguliwa. Hapo ndipo nilipoogopa. Katoni ingelowa na kupasuka. Kikapu cha plastiki nilichokuwa nacho kilikuwa na kifuniko kinachofunguka ukikiangalia tu. Sanduku gumu halikai magotini wala chini ya kiti.

Nikaenda sokoni kwa Dahabo, anayeuza mikoba ya mitumba.

"Abaayo, dada yangu, ninayo miwili ya paka," alisema. "Imekaa hapa tangu Ramadhani. Watu wanauliza kama ni ya kubebea sambusa."

Mmoja ulikuwa mwekundu, una dirisha la plastiki inayong'aa, mzuri hata wa kwenda nao harusini. Wa pili ulikuwa wa kijivu, umeshonwa nyavu pande tatu, umepauka kidogo.

"Huu wa kijivu ni kama wa fundi wa mabomba," nikasema.

"Na mwekundu ni wa bibi harusi. Chagua."

"Nitajuaje kama utamshika?"

Dahabo hajawahi kufuga paka. Kwao Kotile, mwanambuzi akizaliwa njiani hutiwa mfukoni na kubebwa juu ya punda, na akitulia, mfuko ni mzuri. Mimi pia nimekulia kipimo hicho hicho, kwa hiyo hatukuona kosa. Akaazima mwanambuzi kwa jirani yake Jawahir, muuza maziwa. Tukamtia kwenye mfuko mwekundu, tukavuta zipu, tukamzungusha sokoni. Akalala.

"Umeona?" Dahabo akasema. "Huu unafika hadi Rhamu."

Nikaununua mwekundu. Nyumbani nikamtia Waziri, nikafunga, nikageuka kumimina chai. Nilipogeuka tena, zipu ilikuwa wazi na yeye yuko juu ya kabati, analamba mkono. Alikuwa ameivuta kwa kucha kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Nikacheka peke yangu, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Kisha nikakitazama kitanda cha Aabo.

Kesho yake nilirudi sokoni na mfuko, na Waziri nimemviringisha ndani ya shuka.

"Mbuzi wako ametudanganya," nikamwambia Dahabo.

"Mbuzi hakusema kitu, abaayo."

Jawahir akaitikia kutoka kwenye madumu yake. "Mtoto wangu msimsingizie. Watu wazima wawili wanampima paka kwa mbuzi, halafu wanalaumu mbuzi."

Safari hii tulimpima paka kwa paka. Mfuko wa kijivu ulikuwa na vijishikizo vya chuma vya kubana zipu, na Waziri alizikwaruza nyavu mpaka akachoka, zisitoke hata uzi. Chini palikuwa pagumu, hapabonyei nikiuinua. Aliweza kugeuka ndani bila kukunjika. Hewa ilipita pande zote, jambo kubwa kwa joto letu. Ndani kulikuwa na kamba fupi yenye kifungo cha kushika mkanda wa kifuani mwa paka, na mkanda huo Dahabo aliushona pale pale kwa utepe wa begi la shule, huku Waziri akimnyima ushirikiano.

"Huyu alikuwa wa baba yako?" aliuliza, sindano mkononi.

"Ndiyo."

"Alikuwa na subira, Mungu amrehemu."

Niliuacha mfuko wa kijivu wazi sebuleni, nikawa naweka nyama ndani, mpaka Waziri akaanza kulala humo mwenyewe. Ndipo nikakata tikiti.

Kwenye kizuizi kimoja kabla ya Wajir tulishushwa wote tukapanga foleni. Askari kijana akagonga mfuko wangu kwa kidole.

"Ndani kuna nini?"

"Paka, afande. Tazama hapo kwenye nyavu."

Akainama. Waziri akamtolea sauti mbaya.

"Fungua."

"Afande, akitoka hapa amekwenda. Ni wa mama yangu, yuko kwenye eda."

"Nasema fungua. Nione chini yake."

Nikatoa vijishikizo, nikafungua zipu kidogo. Waziri akachomoka kichwa, mabega, miguu ya mbele, akijirusha kuelekea vichakani, na mimi nikafumba macho. Kamba ikamshika. Akabaki ananing'inia ukingoni mwa mfuko, nusu nje, anamkodolea askari macho.

"Ana kitambulisho huyu?" akauliza mzee Ogle, abiria tuliyekaa naye kiti kimoja.

"Bado mtoto," mama mmoja akajibu. "Yumo kwenye cha mamake."

Foleni nzima ikacheka, na askari pia. Alipapasa chini ya mfuko, kisha akanisaidia kumrudisha ndani, akachubuliwa kidole kwa wema wake.

Nilipofika Elwak, Hooyo alikuwa amesimama ndani ya mlango, hakuvuka kizingiti. Niliuweka mfuko sakafuni, nikaufungua. Waziri hakutoka. Hooyo akaketi mkekani karibu naye, akamsalimia kama anavyomsalimia mgeni, akamwuliza habari za njiani. Waziri akalia mara moja.

"Ni yeye," Hooyo akasema. "Sauti ni ile ile."

Akajifuta uso kwa mtandio wake, kisha akaniuliza Aabo alikuwa akimlisha nini, na saa ngapi. Nikamwambia yote.

Mimi nimerudi Garissa kazini. Waziri yuko Elwak, anakula nyama ya ngamia jioni, na kila asubuhi Hooyo hunipigia simu, nami humsikia Waziri akilia karibu na simu.